Wembe Una Jina, Mpini Hauna

Ukiwa Kangemi na unataka wembe wa kukunja uliotengenezwa Uingereza miaka mia na hamsini iliyopita, usitafute mzima. Wembe mzima wa enzi hiyo, wenye makali yaliyonyooka na mpini usio na ufa, una wateja wake London na Tokyo, na wana hela. Sisi wengine tunangoja fagia. Yeyote aliyewahi kuinama Gikomba asubuhi ananielewa: kuna kamera, zile nguo zinazotoka kwenye bale kama hazijawahi kuvaliwa, na kuna fagia, zinazobaki chini baada ya kila mtu kuchagua na kwenda zake. Minada ya mtandaoni nayo ina fagia yake. Mzee anafariki huko Yorkshire au Ohio, wajukuu wanafungua droo, wanakuta nyembe sita zimeshika kutu, wanazipiga picha moja juu ya gazeti na kuandika kwamba zinauzwa jinsi zilivyo, hakuna kurudisha. Hapo ndipo mimi huingia.

Minada ya Uingereza hufungwa usiku wetu wa Jumapili, na hiyo ni poa. Ya pwani ya magharibi ya Marekani ndiyo noma: kule ni Jumapili saa kumi na mbili jioni, huku kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri, na kazini unangojewa saa mbili. Bei yangu huiweka sekunde chache kabla ya mnada kufungwa. Ukiiweka mapema unawaamsha wengine. Kisha kuna nauli. Wauzaji wengi hawatumi mzigo Kenya, kwa hivyo unatumia wakala mwenye anwani kule, anakusanya, anapima kwa kilo, analeta hadi mjini, na unalipa ushuru na VAT ya asilimia 16 juu ya kitu ambacho mwenyewe alikiona takataka.

Watu huniuliza mbona nisinunue hapa. Kwa sababu hapa haziko. Miongoni mwa Wahindi waliofuata reli walikuwemo vinyozi, na wembe wa kukunja ulinyoa mashavu ya mji huu tangu ukiwa mabati na tope. Lakini King Camp Gillette alikuwa amepewa hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Marekani likawagawia askari wake wembe wa aina hiyo, takriban milioni 3.5. Askari wakarudi nyumbani wakiwa wamejifunza kujinyoa wenyewe. Wembe wa kunoa ukaanza kufa dunia nzima, ukabaki mikononi mwa vinyozi tu. Huku kwetu UKIMWI ulimaliza kazi. Kufikia mwaka 1999, serikali ilipoutangaza kuwa janga la kitaifa, hakuna mteja aliyetaka kuona wembe uliotoka kwenye shingo ya mwingine, hata ukaoshwa kwa spiriti. Kinyozi wa Kawangware leo ana mashine, poda, na wembe mwembamba anaoutoa kwenye karatasi mbele yako na kuuvunja vipande viwili ili uone kwa macho yako kwamba ni mpya. Simlaumu. Na mimi ningeuliza.

Ila msidhani wembe ulishuka hapa kutoka kwenye treni. Wahunzi wa Kikuyu walikuwa na wao, rwenji, na Jomo Kenyatta anautaja kwa jina hilo katika Facing Mount Kenya, kitabu alichokitoa mwaka 1938, anapoeleza jando na unyago wa watu wake. Waluo wana liedo, kule kunyolewa nywele baada ya msiba. Pwani mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Kuzaliwa, kutahiriwa, kufiwa: kila mlango wa maisha ulikuwa na wembe umesimama pale. Ndiyo maana lugha yenyewe imejaa nyembe. Mtoto akililia wembe, mpe. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na siku timu yako ikifungwa na timu ile ile kwa msimu wa pili mfululizo, utaambiwa kwenye matatu kwamba wembe ni ule ule.

Ninachopenda zaidi kwenye wembe wa kukunja wa zamani ni kwamba unasomeka. Nyuma ya makali, pale chuma kinapopungua na kuwa mkia wa kukalia kidole, kuna maandishi. Ukisugua kutu polepole kwa mafuta na karatasi laini ya msasa, herufi zinaanza kuja moja moja. Kwanza jina la mji. Mara nyingi ni Sheffield, ambako chama cha wahunzi wa visu kilipewa sheria yake na Bunge la Uingereza mwaka 1624, na ambako Benjamin Huntsman, katika miaka ya 1740, aligundua jinsi ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu hadi kikawa sawasawa ndani na nje. Kabla ya hapo wembe mmoja ungeweza kuwa na sehemu ngumu na sehemu teketeke. Ama ni Solingen, Ujerumani. Mara chache ni Thiers ya Ufaransa au Eskilstuna ya Uswidi, na siku hiyo hata kutu unaisamehe.

Kisha unatafuta taji. Taji lenye herufi V na R ni la Malkia Victoria, kwa hivyo wembe uko kati ya 1837 na 1901. W na R ni la William wa Nne, aliyetawala miaka saba tu kabla yake. Halafu angalia kama kuna jina la nchi. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, kwa hivyo wembe wenye neno la Uingereza au Ujerumani kando ya jina la mji kwa kawaida ni wa 1891 au baada yake. Wenye Sheffield peke yake huenda ni mzee zaidi. Kwa alama tatu, nne hivi, unaweza kuuweka wembe kwenye kipindi chake ukiwa umeketi Kangemi na taa ya simu. Wengine huchora hata jina la mwenyewe. Nina mmoja wenye herufi za mwanzo za mtu na mwaka, umekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, pengine na yeye mwenyewe usiku fulani akiwa hana la kufanya.

Mpini ni hadithi nyingine. Wembe wa kukunja una vibao viwili vyembamba vilivyoshikwa kwa misumari midogo ya shaba, na wembe hulala katikati. Vibao ndivyo huvunjika kwanza, karibu na msumari wa mhimili, kwa sababu hapo ndipo nguvu yote hukaa. Vya pembe ya ng'ombe hupasuka na kuliwa na wadudu. Vya seluloidi, ile plastiki ya kwanza iliyopewa hataza Marekani karibu na mwaka 1870, vina ugonjwa wa ajabu: vikizeeka vinaoza kutoka ndani, vinatoa mvuke wa asidi, na mvuke huo unakula chuma. Ukiona wembe una kutu pale tu mpini unapoufunika, na ng'ambo ya pale uko safi, jua mpini ndio unaoua. Na usiuweke na wenzake ndani ya sanduku moja, utawaambukiza.

Seluloidi ilitafutwa kwa sababu ya pembe za ndovu. Mwaka 1863 kampuni moja ya New York iliyotengeneza mipira ya biliadi iliahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, kwa kuwa pembe zilikuwa zinapanda bei. Na mipini ya nyembe nzuri, kabla ya hapo na kwa muda baada ya hapo, ilikuwa ya pembe za ndovu.

Mwaka juzi kwenye fungu la nyembe nne, mmoja ulikuwa na mpini mweupe unaoelekea umanjano, laini kama jino. Muuzaji alikuwa ameandika kuwa ni mfupa. Ukishaona vitu hivi kwa muda jicho linajua kabla yako. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi, kama mtu aliuchoma kwa sindano, kwa sababu damu ilipita mle mnyama akiwa hai. Seluloidi ya kuiga pembe ina mistari, lakini imenyooka mno, kama daftari. Pembe haina vitundu, na mistari yake inapinda na kufifia, na ukipata sehemu iliyokatwa kwa upana utaona mistari inayokatana kama wavu. Niliikuza picha hadi ikavunjika vipande. Hakukuwa na vitundu.

Sikutia bei. eBay ilipiga marufuku pembe za ndovu kuanzia 2009, Uingereza ikafuata na sheria yake ya 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022, na hapa kwetu Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mzaha: kupatikana na nyara bila kibali ni faini kubwa au jela ya miaka. Haiulizi kama ndovu alikufa jana au zama za Victoria. Yaani kipande kile, chembamba kuliko kalamu, kingetua mjini Nairobi kama mali ya magendo. Na bado nilikaa nikiitazama ile picha, kwa sababu kilichonisumbua haikuwa sheria. Chuma cha wembe ule kilikuwa na jina la mtengenezaji, jina la mji na taji la malkia. Mpini ulikuwa hauna hata herufi.

Kwa hivyo hebu tufuate mpini.

Katika karne ya 19 Zanzibar ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe za Afrika Mashariki. Wafanyabiashara walizigawa pembe kuwa ngumu na laini, na laini za upande wetu ndizo zilizopendwa, kwa sababu hukatwa na kuchongwa bila kupasuka. Nyingi zilipitia Bombay, zingine zikawa bangili za maharusi huko huko India, zingine zikaendelea hadi London. Wamarekani walizifuata wenyewe. Walitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wao akafika Zanzibar mwaka 1837. Walileta kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, ndicho hicho bibi zetu waliendelea kukiita merikani, wakarudi na pembe. Huko Connecticut kuna mji unaoitwa Ivoryton. Jina linajieleza: ulijengwa kwa meno ya ndovu, na kazi yake ilikuwa kuyakata kuwa vibao vya kinanda. Sheffield, kampuni ya Joseph Rodgers, watengenezaji wa visu na nyembe, ilikuwa na ghala ya pembe ambayo wageni walipelekwa kuitazama. Kuna picha za zamani za ghala hiyo: meno yamepangwa sakafuni kama kuni, na wanaume wenye aproni wamesimama katikati.

Ila pembe haitembei. Kutoka bara hadi pwani ilibebwa begani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zaidi ya thelathini, na pembe za ndovu mkubwa zilizidi hapo, zikabebwa na mtu mmoja mwenye nguvu au na wawili kwa mti. Mbele alitembea kirongozi na bendera. Wanyamwezi wengi waliifanya kama kazi ya ujira, wakiwa na fahari yake. Wengine walikuwa watumwa. Hamed bin Muhammad el Murjebi, Tippu Tip, aliacha maisha yake kwenye maandishi ya Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe, na ni kitabu cha kusomwa, lakini ni kitabu cha mwenye mali. Hakuna mpagazi wake aliyeacha chake.

Upande wetu wa kaskazini, Wakamba ndio waliotangulia. Kivui Mwenda wa Kitui alikuwa na jina kubwa katika biashara ya pembe kati ya bara na Mombasa, na ni akiwa kwake ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya Desemba 1849. Shuleni tulifundishwa habari ya Mjerumani aliyeuona mlima. Mwenyeji wake, aliyeijua njia kwa sababu alitafuta pembe, alipata nusu sentensi. Kivui aliuawa mwaka 1851, safarini, Krapf akiwa pamoja naye. Baadaye njia ya Wamasai ilipofunguka, wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa walianza kupita hapa hapa. Joseph Thomson alipokuja mwaka 1883 akiitwa mvumbuzi, alisafiri pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, Mswahili mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa ameijua nchi hiyo kabla yake.

Na hapa hadithi inaingia mitaa yetu. Misafara hii haikuweza kuvuka nchi ya Wamasai na tumbo tupu. Ilisimama Ngong, mahali walipopaita Ngongo Bagas, pembezoni mwa msitu, ili kununua chakula kwa Wakikuyu: maharagwe, viazi vitamu, mahindi, ndizi. Kwa ushanga, nguo na waya. Watu wanaozungumza kama vile historia ya Nairobi ilianza 1899 na reli wanasahau kwamba mashamba ya magharibi, kuanzia Ngong hadi Dagoretti na Kabete, yalikuwa tayari ghala ya chakula ya barabara ya pembe. Kampuni ya Kiingereza ya IBEA, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilitumaini kwamba pembe za Uganda zingelipa gharama zake. Ndiyo sababu Lugard alisimama Dagoretti Oktoba 1890, akajenga boma, akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Undugu haukudumu. Wapagazi na askari wa kampuni walipora mashamba, boma likachomwa, kampuni ikajenga lingine Kabete mwaka 1891, Fort Smith. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa huko huko na kufa Kibwezi akipelekwa pwani, kwenye njia ile ile ya pembe.

Ukipanda matatu ya 46 kwenda Kawangware leo uko mwendo mfupi tu na yote hayo, na hakuna kibao barabarani cha kukwambia.

Pembe haikuondoka mjini na ukoloni. Mpaka miaka ya sabini maduka ya vinyago katikati ya jiji yaliuza bangili na meno yaliyochongwa kwa watalii. Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Julai 18, 1989, Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na miezi michache baadaye mataifa yakakubaliana kuifunga biashara hiyo duniani. Aprili 30, 2016, Uhuru Kenyatta aliwasha tani 105 mahali pale pale. Wapo waliosema ni hasara, pesa inachomwa na watu wana njaa. Mimi naona walisahau kuuliza pesa hiyo ilikuwa imewahi kubaki kwa nani.

Siku hizi pembe inaweza kusema. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikusanya DNA ya ndovu, nyingi kutoka kwenye kinyesi chao, wakachora ramani ya bara zima, na jino likikamatwa bandarini linaweza kulinganishwa na ramani hiyo hadi ijulikane ndovu alitoka wapi. Nikifikiria mpini ule mweupe huwa nauona mezani maabara, umekwanguliwa unga kidogo, na mashine inataja bonde fulani. Ndovu angepata anwani. Mtu aliyembeba bado asingepata.

Nyembe ninazonunua mimi, kwa hivyo, ni zile ambazo mpini wake umekwisha kabisa, au wa seluloidi unaooza. Chuma nakiokoa. Pengo la makali nalisaga kwenye jiwe hadi liishe, na hiyo ni kazi ya jioni kadhaa, maji kidogo, mkono mwepesi, kwa sababu wembe ukipata joto unapoteza ugumu wake na huwezi kuurudisha. Mpini natengeneza upya. Mti ni rahisi, lakini nimependa pembe za ng'ombe, na za ng'ombe hazina shida Dagoretti, pale kwenye vichinjio. Unabeba begi na kuvumilia harufu.

Anayeniuzia aliniuliza mara ya kwanza kama mimi ni mganga.

"Hapana, mzee. Natengeneza mipini ya nyembe."

"Nyembe za kunyoa? Na si zinauzwa dukani shilingi kumi?"

Nilimwonyesha mmoja. Aliufungua taratibu, akaupiga ukucha ukalia kama kengele ndogo, akausoma kwa sauti. Sheffield. Kisha akaugeuza upande wa mpini, akautafutia maandishi huko pia, akanirudishia bila kusema kitu. Pembe mbili alinipa bure siku hiyo.

Pembe unaikata kwa msumeno, unaichemsha hadi ilegee, unaibana katikati ya mbao mbili usiku kucha ili inyooke. Asubuhi unaipiga msasa. Kabla ya kugonga misumari, kwenye upande wa ndani wa kibao, ambapo wembe ukikunjwa hauonekani, huwa nakwaruza: Dagoretti, mwezi, mwaka. Sindano ya kushonea magunia ndiyo inafaa. Ya nguo huvunjika.